Onjo la Dada Mkuu

Katika historia tukufu ya Shule ya Sekondari ya Wasichana Ihanga, wanafunzi wamewahi kufukuzwa kwa kutoroka, kwa kukaanga mayai bwenini juu ya pasi, na mmoja, Mungu amtunze popote alipo, kwa kumfundisha kasuku wa shule kuita majina ya utani ya walimu wote. Hajawahi kufukuzwa mtu kwa sababu ya uji. Mimi, Atuganile Mwakalinga wa kidato cha pili, naomba ieleweke kwamba sikuitafuta heshima ya kukaribia kuwa wa kwanza. Ilinifuata mezani.

Meza yetu ilikuwa ya mwisho bwaloni, karibu na dirisha lisilofungika vizuri, hivyo kila asubuhi ukungu wa Njombe uliingia kunywa chai pamoja nasi. Kabla ya kuketi, kila mtu alipita kwenye mashine. Mashine ilikutazama usoni, ikakutambua, ikajaza kikombe uji wa ulezi na karanga, kisha ikadondosha tone moja la dawa iitwayo Kufuli. Tone lenyewe halikuwa na rangi wala ladha. Aliyelinywa hakusinzia. Alisoma, aliimba kwaya, alicheza netiboli. Ila ukimkanyaga mguu, alikutazama kama mtu aliye ndani anavyoitazama mvua ya nje.

Wazazi wetu walikuwa wamelipokea jambo hilo mkutanoni kwa makofi. Walimu walilipokea kwa machozi ya furaha. Tangu Kufuli lianze hapakuwa na mgomo, wala kelele baada ya taa kuzimwa, wala mtu wa kuuliza kwa nini maharage yana wakazi.

Lakini wataalamu wa Taasisi ya Utulivu, walioleta Kufuli, walifanya kosa moja. Walipiga hesabu ya kikombe kimoja kwa mwanafunzi mmoja. Yaani walidhani katika shule ya bweni kila mtu hunywa uji wake.

"Onjo," alisema dada Sekunda, akagonga meza kwa kijiko.

Tukasogeza vikombe. Onjo ni mila ya Ihanga, ya zamani kuliko majengo. Mkuu wa meza huonja kwanza uji wa wadogo zake, kuhakikisha hauna sumu. Miaka ya nyuma ilikuwa funda moja. Kwa kuwa uji wa karanga ndicho chakula pekee cha maana pale shuleni, funda lilikua, likanenepa, mpaka mdogo akabakiwa na utando wa chini. Na mkuu wa meza yetu alikuwa Sekunda Ngailo mwenyewe, dada mkuu wa shule, mtu ambaye zamani akipiga kelele uwanjani, mbuzi wa kijijini walisimama mguu sawa.

"Dada Sekunda," nikamwambia, "leo umeniachia kijiko kizima. Unaumwa?"

Meza ikaangua kicheko. Bwalo zima, ni meza yetu tu iliyocheka. Meza nyingine ziligeuka kututazama kwa upole, kama wageni kwenye ibada ya dini nyingine. Walituita meza ya vichaa. Tulikuwa wadogo tisa, tukibishana, tukinuniana, tukisameheana kabla ya kengele, kwa sababu kila asubuhi mtu mmoja alitunywea Kufuli letu.

"Kunywa uji wako, Atu," alisema.

"Uji gani, dada? Huu ni umande."

Mwaka mmoja nyuma, kwa sentensi hiyo ningefyeka nyasi za uwanja mzima. Sekunda aliinama tu kuchukua kikombe cha pili, na kola yake ikashuka.

Nikaacha kucheka. Shingo yake kwa nyuma ilikuwa imechubuka na kupasuka, nyekundu kama udongo wa barabara ya Makete, na inatoa maji. Pembeni madoa meusi yalikuwa yameanza kutambaa kuelekea masikioni. Kwetu huko juu jua ni kali, na paredi ya Jumatatu ni ndefu, lakini sisi si watu wa kubabuka shingo kwa sababu ya hotuba.

"Dada, hiyo shingo inauma?"

"Inauma sana," alijibu, kwa sauti ile ile anayotangazia ratiba ya usafi. "Zahanati wamenipa mafuta. Lete kikombe, Bupe."

Hapo ndipo niliogopa. Kilichonitisha ni ile sauti, kuliko hata kidonda.

*

Jumamosi mchana, wakati wengine wanafua, nilimpeleka Sekunda maabara. Sikuhitaji hila, jambo lililonivunjia heshima kidogo. Nilimwomba atukwangulie seli za shavu kwa kijiti, naye akakwangua, akaniuliza kama zinatosha, akaenda kufua.

Mwenye maabara, kwa haki ya kuipenda, alikuwa Osmunda Mbilinyi, rafiki yangu tangu kidato cha kwanza. Kabla ya Kufuli tulishirikiana katika kazi nyingi nzuri, ikiwemo ile ya chumvi kwenye bakuli la sukari la walimu. Mkuu wa meza yake alikuwa mkarimu. Hakudai onjo. Kwa hiyo Osmunda alikunywa kikombe chake chote kila siku, na kichwa chake kilibaki kikali kama wembe, lakini hakuwa amecheka kwa mwaka mzima.

"Unataka kujua nini?" aliuliza.

"Kwa nini dada Sekunda haponi."

Alifikiri, kisha akachukua kamba yangu ya kuruka. Ilikuwa ya katani, nyuzi mbili zilizosokotwa pamoja. Akaninyooshea ncha moja nishike.

"Hivi ni vinasaba vyako," alisema. "Nyuzi mbili zimesokotana, na maandishi yote yako katikati, zinapogusana. Zikiwa zimesokotana hivi huwezi kusoma kitu."

"Kama barua iliyokunjwa."

"Sikiliza kwanza. Kuna vimeng'enya vinaitwa helikesi." Akapenyeza pete yake katikati ya nyuzi na kuisukuma. Kamba ikaanza kuachana nyuma ya pete, na mbele yake ikajikaza mpaka ikajikunja mkononi mwangu. "Helikesi hushika uzi, hula nishati, husonga, hufumua. Hatua, nishati, hatua, nishati. Ziko za aina nyingi. Seli ikitaka kugawanyika, helikesi fulani hutangulia kufumua kamba nzima ili kila uzi unakiliwe. Nyingine hukaa mlangoni mwa jeni, yaani kipande kimoja cha maandishi hayo. Seli ikitaka kuisoma jeni hiyo, yeye hufungua pale mwanzoni, wasomaji wakapita."

"Na Kufuli?"

"Kufuli humkamata huyo wa mlangoni." Alibana pete kwa vidole viwili. Nikavuta kamba, haikuachana. "Ukionewa, kwenye ubongo kuna jeni ambazo lazima zifunguliwe ili hasira iwake na ikae. Kufuli linamshika helikesi mlango ukiwa umefungwa. Jeni ipo, nzima kabisa. Haisomwi tu."

"Hayo walituambia mkutanoni. Wakapigiwa makofi."

"Hawakusema kwamba huyo helikesi ana kazi ya pili."

Akaziweka seli za watu watatu chini ya taa ya urujuanimno, ile taa yenye mionzi ya jua bila huruma ya mawingu: za Sekunda, zangu, na zake. Akaziacha zipumzike kwenye bakuli la maji ya vuguvugu mpaka nguo za watu zikaanikwa nje. Kisha akazitandaza kwenye jeli, akazimwagia dawa inayokata uzi kila penye jeraha la mionzi lisilotengenezwa, akawasha umeme. Kinasaba kizima hubaki kimejiviringisha kama duara. Kilichokatika, umeme hukivuta vipande nje.

"Tazama," aliniambia, akanipisha kwenye hadubini.

Seli zangu zilikuwa duara safi, kama mwezi mpevu, sifa ambayo naipokea kwa unyenyekevu. Seli za Sekunda zilikuwa na mikia. Kila moja. Mikia mirefu, imetawanyika, kama vimondo vinavyoanguka vyote upande mmoja.

"Jua hujeruhi vinasaba vya kila mtu, kila siku," Osmunda alisema. "Linagandisha herufi mbili jirani. Ili fundi alikate hilo donda na kuandika upya, lazima kwanza helikesi afumue kamba pale penye donda. Ni yule yule wa mlangoni, Atu. Hakuna mwingine. Ukimshika mlangoni, hatengenezi. Dada Sekunda anakunywa vikombe kumi. Kila paredi inamwandikia makosa kwenye ngozi, na hakuna wa kuyafuta."

"Yakiendelea?"

"Saratani."

Alilisema kama mtu anayesoma jina la kituo. Nikasogeza kioo cha tatu, chake. Mikia mifupi. Si yote, karibu nusu.

"Osmunda, na wewe."

"Nimeona."

"Huogopi?"

"Najua kwamba ningepaswa," alisema rafiki yangu, na hiyo ndiyo sentensi niliyoichukia kuliko zote nilizowahi kusikia.

Nje watu walikuwa wanaanua nguo. Kisha Osmunda, ambaye hakuweza kukasirika lakini aliweza kuhesabu, aliniwekea mambo mezani.

"Ukisema, watauliza kwa nini Sekunda amezidisha. Watajua habari ya onjo. Watalifuta, na kila kikombe kitasimamiwa. Meza yenu itakuwa kama zetu. Bupe, Tumwitike, wewe. Mtanyamaza wote."

"Na nisiposema?"

"Meza yenu itacheka. Dada Sekunda atawanywea."

Naomba nikiri kwamba Sekunda hakuwa mtu niliyempenda. Alininyang'anya uji wangu kwa mwaka na nusu. Niliwahi kumwombea mabaya madogo madogo, kama vile soksi zilizoloa. Lakini nilikaa pale nikiwa na mwezi mpevu wangu kwenye kioo, nikaona wazi kwamba niliweza kucheka kwa sababu mwingine alikuwa anaungua.

*

Madam Luvanda, mkuu wa shule, jioni ile ile alitusikiliza mimi na picha za seli alizonipigia Osmunda, hadi mwisho. Pembeni yake alikuwa Daktari Fungo wa Taasisi ya Utulivu, aliyekuja kwa bahati mbaya yake kufanya ukaguzi wikiendi hiyo hiyo.

"Hesabu zetu ni sahihi," alisema daktari. "Tone moja, mwanafunzi mmoja. Huyu dada amekunywa ya wengine. Hilo ni kosa la matumizi."

"Daktari, shikamoo tena," nikasema. "Na hizi seli za Osmunda? Yeye alikunywa tone moja. La kwake."

Alizitazama muda. Si mtu mwongo, nampa hilo. "Matengenezo yanachelewa kidogo. Yako ndani ya kiwango."

"Kiwango cha nani?"

"Atuganile," madam alisema.

"Samahani, madam. Nilitaka tu kujua mwenye kiwango anaishi wapi, na kama kuna jua huko."

Madam Luvanda alimwomba daktari atupishe. Mlango ulipofungwa, hakupandisha sauti. Alivua miwani.

"Unajua kwa nini nilikubali Kufuli?"

"Kwa ajili ya utulivu, madam."

"Nilisoma bweni kama wewe. Shule nyingine, usiiulize jina. Wenzetu walikasirika. Sababu yenyewe ilikuwa maharage, mwanangu. Maharage. Wakachoma godoro moja ili wasikilizwe. Nilikuwa nalala kitanda cha chini. Aliyelala cha juu hakutoka." Akavaa miwani. "Kwa hiyo mimi hasira ya wasichana mia nne naijua ilivyo. Ninyi mnaiona ni utani."

Nilizikusanya picha mezani, moja moja.

"Sekunda hatapewa tone tena mpaka apone," alisema. "Onjo limefutwa leo, na kesho meza yenu haipati uji. Na wewe Jumatatu, kwenye paredi, utakunywa kikombe chako chote mbele ya shule, ili wote waone kwamba hakuna meza ya peke yake. Ukikataa, mizigo yako itakuwa getini kabla ya chakula cha mchana."

"Madam, pole kwa rafiki yako," nikasema, na nilimaanisha. "Lakini angekuwepo, angekunywa?"

"Toka nje, Atuganile."

*

Jumatatu ukungu ulikataa kuja. Jua lilikuwa jeupe juu ya uwanja, na shule nzima imesimama mistari, kila mtu na kikombe chake mkononi. Daktari Fungo alisimama kwenye kivuli cha mlingoti wa bendera, kivuli chembamba sana kwa mtu wa umbo lake. Wadogo wa meza yangu walikuwa mstari wa mbele, na vikombe vyao vilikuwa vimejaa, kwa mara ya kwanza tangu waje Ihanga. Bupe alikuwa analia bila kutoa sauti. Nilimkazia macho alie vizuri, maana huenda ikawa mara ya mwisho.

Madam alisoma kosa langu. Lilikuwa refu na limeandikwa vizuri. Kisha akasema, "Dada mkuu, mpe kikombe."

Sekunda alitoka mstarini akiwa amefunga kitambaa shingoni. Alinijia na kikombe mikononi, na nilipomtazama usoni niliona kitu ambacho sikuwa nimekiona kwa muda mrefu. Mdomo wake ulikuwa unatetemeka. Tangu Jumamosi alikuwa hajanywa tone hata moja. Mahali fulani ndani ya kichwa chake helikesi walikuwa wameachiwa, wanakula nishati, wanasonga, wanafumua, na milango yote iliyofungwa kwa mwaka mzima ilikuwa inafunguka kwa pamoja.

"Watu wa Taasisi walijua?" aliniuliza kwa sauti ya chini.

"Kuhusu tone moja, walijua. Kuhusu vikombe kumi, hapana."

"Na wewe ungeweza kunyamaza."

"Niliwaza kunyamaza, dada. Nisikudanganye."

Alicheka puani. Kisha akageukia shule, akavuta pumzi, na ile sauti ikarudi, ile ya mbuzi wa kijijini.

"Kwa mila ya Ihanga, mdogo hanywi kabla mkubwa wa meza hajaonja! Mimi nimekatazwa. Leo mkubwa wa meza hii ni mgeni wetu." Akavuka uwanja akampelekea Daktari Fungo kikombe kwa mikono miwili, na goti akapiga. "Karibu onjo, daktari."

Daktari alikitazama kikombe. "Hili... dozi hii imepimwa kwa umri wenu."

"Ni tone moja tu, daktari. Liko ndani ya kiwango."

"Sina sababu ya kulitumia."

"Na sisi je?"

Alirudi nyuma hatua, akatoka kwenye kivuli, akakodoa macho juani. Wasichana mia nne waliona kwamba hakukipokea kikombe. Hawakuguna. Hawakuzomea. Waliona tu.

Ndipo Madam Luvanda akafanya jambo ambalo hakuna aliyelitegemea. Alimpokonya Sekunda kikombe, akakiinua, akanywa. Alikunywa chote, mpaka utando wa chini, akafuta midomo kwa kiganja.

"Haya," alisema, akihema. "Siwanyweshi watoto wangu kitu nisichoweza kunywa. Nimeonja. Sasa kunywa, Atuganile."

Akanipa kikombe. Nikachungulia ndani kwa umakini unaostahili tukio kubwa kama lile.

"Madam," nikasema, "ni kitupu."

Tumwitike ndiye aliyeanza kucheka, kisha Bupe, machozi na kamasi kwa pamoja, kisha meza nzima ya vichaa. Sekunda alishika tumbo.

"Leteni kingine!" madam alisema.

"Naweza kukisubiri mpaka jioni, madam, na bado sitakunywa." Sauti yangu ilipanda bila ruhusa yangu. "Nifukuze. Nitakwenda getini na sanduku langu. Lakini sitakunywa, na nikiwa nje nitasema kwa nini, kila nitakapofika, na picha za Osmunda nitakuwa nazo."

Nilitegemea shule ilipuke. Niliangalia mistari ile ya nyuso tulivu, na moyo ukanishuka. Hakuna hata mmoja aliyekunja uso. Nikawaza, basi, wamewamaliza.

Kisha Osmunda alitoka mstarini kwake. Alitembea taratibu, kama mtu anayekwenda kurudisha kitabu maktaba. Alifika katikati ya uwanja, akainama, akaweka kikombe chake chini, kimejaa, bila kumwaga. Akanyooka.

"Sijakasirika, madam," alisema. "Siwezi. Nimefikiri tu. Sinywi."

Akarudi mahali pake. Mwingine akatoka. Mwingine. Halafu mstari mzima, kwa zamu, bila kusukumana, kwa ule ule utulivu uliowafanya wazazi wetu wapige makofi. Vikombe vilijipanga kwenye majani, vinatoa mvuke. Hakuna aliyepiga kelele, na hakuna aliyebeba kiberiti. Walikuwa wamefungiwa hasira, na watu wa Taasisi waliamini kwamba ubishi unakaa humo humo. Sasa tuliona wote kwamba unakaa pengine.

Daktari Fungo alikuwa anaongea haraka kwenye simu yake ya sikioni. Madam Luvanda hakumsikiliza. Alikuwa amesimama katikati ya vikombe, anatazama nyuso za wasichana mia nne wanaokataa bila moto, na nadhani alikuwa anamtafuta mmoja ambaye hakuwemo.

Jua lilikuwa limepanda. Lilimpiga utosini na shingoni, na yeye hakusogea. Nikavua sweta langu la shule, nikamwendea, nikamfunika kuanzia kichwani mpaka mabegani. Halikumtosha vizuri.

"Shikamoo, madam," nikasema. "Jifunike. Leo helikesi wako wamefungwa."

Alinitazama kama mtu aliye ndani anavyoitazama mvua ya nje. Lakini mkono wake ulipanda polepole, ukalishika lile sweta chini ya kidevu, ukalikaza.

"Marahaba," alisema. "Waambie waondoke juani."